Geuza ndoo yako juu chini nikwambie ilizaliwaje (uzi wa plastiki)

#1 Opereta_wa_Usiku

Wakuu, jana kwenye daladala ya Mbagala nilikaa nyuma ya jamaa wawili wanabishana. Mmoja anasema ndoo na dumu vinatoka mashine moja, kinachobadilishwa ni umbo la chuma tu. Mwenzake anasema dumu hutengenezwa vipande viwili halafu vinabandikwa kwa gundi, ndiyo maana lina mstari. Wote wamekosea, na wote walikuwa na uhakika kuliko mimi ninayekesha na hizo mashine. Nilipotaka kuingilia kituo changu kikawa kimefika. Basi namalizia ubishi huku.

Niko kwenye viwanda vya plastiki hapa Dar tangu 2012. Nilianza kibarua wa kukata mabaki ya dumu kwa kisu, sasa ni opereta. Viwanda sivitaji, nina watoto wanasoma.

Fanya hivi. Chukua ndoo ya nyumbani, mwaga maji, igeuze. Katikati ya kitako kuna alama ndogo kama kitovu, wakati mwingine ina kincha kinachokwaruza kidole. Hicho ni kitovu kwelikweli: ndipo plastiki iliyoyeyuka ilipoingilia. Ndoo imechomwa sindano. Punje za plastiki zinamiminwa kwenye hopa (faneli kubwa ya juu ya mashine), zinashuka ndani ya bareli ya chuma iliyozungushiwa hita, na ndani ya bareli kuna skrubu kubwa inazunguka kama ile ya kinu cha kusagia nyama. Kwa plastiki ya ndoo, PP, tunacheza kati ya nyuzi 200 na 250. Ikishaiva, skrubu inaacha kuzunguka, inasonga mbele kama bomba la sindano na kusukuma uji wote ndani ya moldi kwa mkupuo mmoja. Moldi ni chuma vipande viwili, dume na jike, vimebanwa kwa nguvu ya tani mia kadhaa ili visiachane. Maji baridi yanapita kwenye mishipa ndani ya hicho chuma. Sekunde chache baadaye moldi inafunguka, ndoo inasukumwa nje.

Watu wanadhani kazi kubwa ni kuyeyusha. Hapana, muda mwingi wa mzunguko ni kusubiri ipoe. Bosi akitaka ndoo nyingi kwa shifti anapunguza muda wa kupoza, na hapo ndipo mnapouziwa ndoo zilizopinda, mfuniko haukai.

Kwa sindano zinatoka pia beseni, jagi, kreti za soda, vifuniko vya chupa, viti vya msibani. Kiti kigeuze, kitovu mara nyingi kiko chini ya kalio.

Dumu nakuja nalo. Naenda kuripoti kazini.

#2 Mzee_wa_Kona

Nimevuta kiti (nimeshakigeuza, kitovu kipo). Endelea mkuu.

#3 BintiTandika

Nimegeuza ndoo ya mama. Kitovu kipo. Mama anauliza maji yake yameenda wapi.

#4 Mjuaji_Namba_Moja

Maneno mengi. Plastiki ni plastiki, unayeyusha unamimina. Wachina wanafanya mpaka uani.

#5 Opereta_wa_Usiku

Nimerudi. Mjuaji, kumimina ni kwa mshumaa. Plastiki ikiyeyuka haiwi kama maji, inakuwa nzito kama ugali unaokaribia kuiva. Bila kusukumwa haiendi kokote.

Sasa dumu. Geuza dumu la lita 20. Hakuna kitovu. Kuna mshono ulionyooka unaokatiza kitako, kama kidonda kilichoshonwa hospitali. Jamaa wa daladala aliuona huo akadhani ni gundi.

Dumu hupulizwa. Mashine inashusha mrija mnene wa plastiki ya moto, mtupu katikati, unaning'inia kama soseji. Moldi inakuja kutoka pande mbili na kuubana. Inapobana, chini mrija unafungwa, unajishika wenyewe kwa moto wake, na huo ndio mshono. Halafu upepo wa kompresa unaingia mdomoni, mrija unavimba mpaka unagusa kuta za moldi, unapoa ukiwa na umbo hilo. Mkono wa dumu unatoka hapohapo, moldi imebana tundu la vidole. Plastiki iliyobaki nje ya moldi, juu, chini na pale mkononi, ndiyo niliyokuwa naikata miezi yangu ya kwanza. Inasagwa, inarudi hopa.

Sasa mjue dumu linapofia. Fikiria puto ndani ya boksi: puto linagusa katikati ya kuta kwanza, pembe linazifikia mwisho likiwa limeshavutika. Kwa hiyo pembe za dumu ndizo nyembamba. Mashine nzuri inaushusha mrija ukiwa mnene pale panapohitaji na mwembamba kwingine. Mashine mbovu inashusha mrija sawa mwanzo mwisho. Ukinunua dumu, liinue juani uangalie mwanga kwenye pembe za chini. Pakipita mwanga sana kuliko ubavuni, rudisha. Halafu bonyeza mshono kwa kidole gumba. Dumu likivuja bila kupigwa, mara nyingi ni hapo.

#6 Mzee_wa_Kona

Kumbe ndiyo maana dumu langu la mafuta ya taa lilianza kulia kitakoni! Nilimlaumu kijana bure, nikamkata na hela.

#7 Chupa_na_Chuma

Mimi nakusanya chupa za maji Buguruni, nauza kwa kilo. Chupa ya maji nayo ina kitovu kitakoni lakini ndani ni tupu kama dumu. Sasa hiyo ni sindano au upepo?

#8 Opereta_wa_Usiku

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Ni vyote viwili, chupa ya maji imezaliwa mara mbili.

Kwanza inachomwa sindano inatoka kitu kama bomba la maabara, kifupi, kinene, shingo na nyuzi za kufungia kizibo zikiwa tayari zimekamilika. Kinaitwa prifomu. Viwanda vingi vidogo vya maji ya kunywa havitengenezi prifomu, vinanunua kwenye mifuko. Kisha prifomu inapitishwa kwenye taa za joto mpaka nyuzi 100 hivi, inalainika bila kuyeyuka. Fimbo inaingia ndani kuivuta kwa urefu, upepo unaipanua kwa upana. Upepo wenyewe si wa mchezo, huweza kufika baa 30 na zaidi, wakati tairi la gari dogo ni baa 2 na kitu. Hilo vuta-pana ndilo linaloipa nguvu ya kukaa na gesi ya soda bila kupasuka. Mmarekani aitwaye Nathaniel Wyeth ndiye aliyepewa hataza ya chupa hiyo ya PET mwaka 1973.

Mnaijua ile chupa ya maji ukitia chai ya moto inajikunja? Haijayeyuka. Imepata joto, imeanza kurudi ilikotoka, inakumbuka prifomu.

Nyongeza: PET inapenda unyevu kama chumvi. Kabla ya kuyeyushwa lazima ikaushwe kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 160 hivi. Ukikosa subira, maji yale yanaikatakata ndani, prifomu zinatoka dhaifu na zina ukungu. Nimeona usiku mzima wa kazi unapelekwa kwenye krasha (mashine ya kusagia mabaki) kwa sababu mtu alizima kikaushio kubana umeme.

#9 Mjuaji_Namba_Moja

Sawa, hapo nimekuelewa. Ila mimi nina mpango: kreti za soda zilizovunjika ni plastiki ya HDPE, namba 2 kwenye ile pembetatu ya mishale. Dumu nalo ni namba 2. Nasaga kreti, natoa dumu. Nimekosea wapi hapo?

#10 Opereta_wa_Usiku

Hapo ndipo pesa za watu zinapozama, na mimi nimeshuhudia bosi mzima akizama.

Namba 2 inakwambia jina la ukoo tu, tabia ya mtoto haikwambii. Plastiki ya sindano hutengenezwa iwe nyepesi ikiyeyuka, itiririke mpaka pembe za mwisho za moldi. Ni uji. Ya kupuliza hutengenezwa iwe nzito, ikining'inia isikatike. Ni ugali. Ukiweka kreti kwenye mashine ya dumu, mrija unashuka unarefuka wenyewe, unakuwa mwembamba juu, unadondoka kabla moldi haijafunga. Kinyume chake, dumu lililosagwa ukilipeleka kwenye moldi ya beseni jembamba, halifiki mwisho, unatoa beseni lenye pengo ukingoni.

Kuchanganya kidogo watu wanachanganya. Kugeuza kreti kuwa dumu asilimia mia, hapana.

#11 Chupa_na_Chuma

Na sisi wa kuchambua tunatofautishaje tusipoona namba?

#12 Opereta_wa_Usiku

Karai la maji. PP na HDPE zinaelea, PET na PVC (plastiki ya mabomba) zinazama. Vifuniko vya chupa vinaelea, chupa iliyokatwakatwa inazama, ndiyo maana wanaoosha chupa wanavitenganisha hapohapo kwenye beseni. Lakini PVC isiponyoke ikaingia kwenye PET. Kwenye joto la PET, PVC inaungua na kutoa gesi ya asidi inayokula hadi chuma cha bareli, na kifua chako pia. Kipande kimoja cheusi kwenye mzigo, mnunuzi anarudisha gunia zima.

#13 Mjasiriamali_2025

Wakuu nina milioni 15 nimejichanga. Nimeona video, mashine ndogo ya ndoo. Nianze?

#14 Opereta_wa_Usiku

Umeuliza bei ya mashine, hujauliza ya moldi. Moldi moja ya ndoo kubwa, chuma kizuri, kutoka China au India, unaweza kununulia gari zuri. Na moldi ya ndoo hutoa ndoo ileile tu mpaka kiama. Ukitaka saizi nyingine, nunua nyingine. Ukibadilisha nembo, rudi kwa fundi wa moldi. Ongeza kompresa, mtambo wa kupoza maji, krasha na umeme wa njia tatu. Na umeme ukikatika katikati ya kazi plastiki inagandia ndani ya bareli. Ukirudi unasubiri hita zipashe taratibu, ukizungusha skrubu baridi unaikata. Kwa milioni 15 ningekuwa wewe ningeanza na krasha na karai la kuoshea, niuze punje zilizosafishwa kwa wenye mashine. Haina picha nzuri ya kuweka mtandaoni, lakini utalala.

#15 Mjasiriamali_2025

Umenivunja moyo ila asante.

#16 BintiTandika

Mimi nina kilio. Simtanki letu la lita 2000 limepasuka kitakoni, halijamaliza miaka mitatu. Nimezunguka nikitafuta kitovu au mshono sijaona. Hilo nalo lilizaliwaje?

#17 Opereta_wa_Usiku

Pole. Hutaona, simtanki linaokwa, tena polepole. Kwa wasiojua, Simtank ni jina la biashara, sisi tumelifanya jina la tangi lolote kama tulivyofanya kwa vitu vingi.

Moldi yake ni bati tu, kubwa, haibanwi kwa tani. Unapima unga wa plastiki kwa kilo, unamimina ndani, unafunga, unaipeleka kwenye tanuri. Ndani ya tanuri moldi inazunguka pande mbili kwa wakati mmoja, taratibu, kama mtu anayezungusha yai mkononi. Unga unagusa bati la moto unashika, tabaka juu ya tabaka, mpaka unga wote umekuwa ukuta. Kisha inatolewa, inapozwa kwa feni na maji, bado inazunguka. Hakuna msukumo, kwa hiyo hakuna kitovu. Yale matangi meusi nje na meupe ndani, huwekwa unga mweusi kwanza, ukishashika ndipo mweupe unaingizwa. Mweusi unakinga jua lisiile plastiki na kuzuia mwanga, majani ya kijani yasiote kwenye maji.

Unene wa tangi ni uzito wa unga uliotiwa. Hakuna siri nyingine. Ukienda dukani uliza kilo, ikiwezekana lipimeni. Matangi mawili ya lita 2000, moja jepesi kuliko jingine kwa kilo nyingi, unajua nani ameibiwa.

Ila kabla hujamlaumu aliyelitengeneza, limekaa juu ya nini?

#18 BintiTandika

Mbao. Fundi aliweka mbao nne na nafasi katikati.

#19 Opereta_wa_Usiku

Ndiyo hiyo. Likijaa ni tani 2 za maji zimekalia mbao nne. Kitako kinazama kwenye nafasi, kinarudi tangi likiisha, kila siku, mpaka kinachoka. Simtanki linataka sakafu tambarare ya zege, kitako chote kimegusa.

#20 Lamu_Tamu

Salamu kutoka Lamu. Huku kwetu kuna mashua ya plastiki, Flipflopi, ilishushwa majini 2018 na mapema 2019 ikaenda hadi Unguja. Fundi wake Ali Skanda. Urefu mita 9 hivi, ubavuni imefunikwa ndara zilizookotwa ufuoni, ndiyo maana ya rangi zile. Mbao, mataruma (mbavu za mashua), mkuku (uti wake wa chini), vyote plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa. Wataka kuniambia hiyo ni sindano ama upepo?

#21 Opereta_wa_Usiku

Ahsante sana kaka, hiyo mashua nimeiona kwenye picha tu. Mbao za namna hiyo hutoka kwa skrubu ileile, lakini inasukuma bila kusimama kwenye moldi ndefu mpaka ijae, halafu moldi inazamishwa kwenye maji. Tabu yake ni unene. Plastiki ikipoa inasinyaa. PP peke yake hupungua asilimia 1 hadi 2 na zaidi. Ndoo ni nyembamba, inapoa sawa. Ubao mnene unapoa nje kwanza, ndani bado moto. Ndani inaposinyaa haina pa kuvuta, inabaki na mashimo katikati au ubao unajipinda. Ukikata taruma la namna hiyo ukakuta uwazi, ni hilo. Fundi aliyezoea mti ambao anaijua mishipa yake, kupewa kitu hicho akatoa mashua inayovuka bahari, mimi namvulia kofia.

#22 Nai_Hustler

Na Nairobi kuna dada anaitwa Nzambi Matee, wanachanganya plastiki na mchanga wanapress kuwa paving blocks. Gjenge Makers. UN walimtuza 2020.

#23 Opereta_wa_Usiku

Kugandamiza. Ndiyo njia ya kizamani kuliko zote hizi, na kwa takataka mchanganyiko ndiyo yenye akili, haina haja ya plastiki inayotiririka vizuri. Sahani za melamini na vipini vyeusi vya sufuria hugandamizwa pia, ila hiyo ni plastiki ya aina nyingine. Ya ndoo ni kama samli, ukiipasha inayeyuka tena. Ya kipini cha sufuria ni kama yai, ukishalichemsha halirudi kuwa bichi. Baba yake ni Leo Baekeland, mwaka 1907. Chupa_na_Chuma, melamini usibebe, hainunuliki.

#24 Mzee_wa_Kona

Vikombe vya mtindi? Na mabomba? Na mifuko ya rambo, zile mashine zilikwenda wapi?

#25 Opereta_wa_Usiku

Haraka haraka, simu inaisha chaji.

Kikombe cha mtindi: karatasi ya plastiki inapashwa moto, inavutwa ndani ya shimo kwa kunyonya hewa. Ndiyo maana ukikiminya karibu na kitako ni kama ganda la kitunguu.

Bomba: skrubu inasukuma saa 24 kupitia tundu la duara lenye kiini katikati, bomba linatoka halikatiki, linapitia maji, mbele kuna msumeno. Mabomba ya PVC yananiumiza kichwa. PVC ukiiacha imesimama ndani ya bareli ya moto inaungua, unafungua mashine yote unakwangua masizi. Tukifunga kazi tunasafisha kwa kupitisha plastiki nyingine kwanza.

Rambo: ni bomba hilohilo lakini jembamba sana, linaelekezwa juu na kupulizwa liwe puto refu kama mnara, juu linabanwa bapa na roli mbili. Kenya walipiga marufuku mifuko ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, sisi 1 Juni 2019, Rwanda walishatutangulia tangu 2008. Marufuku yetu iliacha vifungashio vya viwandani, kilimo, hospitali na kadhalika, kwa hiyo mashine zinazotoa puto hazikufa zote, zinafanya hayo.

#26 Mjuaji_Namba_Moja

Opereta, nimekupinga lakini nakiri. Swali la mwisho: kazi hii ni hatari?

#27 Opereta_wa_Usiku

Moldi ndiyo hatari. Mlango wa mashine ya sindano una swichi, ukiwa wazi moldi haifungi. Kiwanda kimoja nilichopita waliifunga ile swichi kwa waya ili opereta awahi kutoa bidhaa kwa mkono. Jamaa yangu ana vidole viwili mkono wa kulia. Ukiajiriwa, siku ya kwanza fungua mlango ule uone kama mashine inasimama. Isiposimama, rudi nyumbani.

#28 BintiTandika

Swali dogo la mwisho na mimi. Kitako cha ndoo ya mama pembeni ya kitovu kuna kiduara kama saa. Kina namba 1 hadi 12, katikati kuna mshale, na pembeni ya mshale 98. Ni nini?

#29 Opereta_wa_Usiku

Ni tarehe ya kuzaliwa. Namba za pembeni ni miezi, katikati ni mwaka, fundi anageuza mshale kwa bisibisi kila mwezi. Mshale umeelekea wapi?

#30 BintiTandika

11.

#31 Opereta_wa_Usiku

Novemba 1998! Mimi niko darasa la pili. Ndoo ya siku zile, hiyo. Muulize mama anauza shilingi ngapi, nakuja kuichukua kesho nikitoka shifti.

#32 BintiTandika

Amesema haiuzwi. Na amesema maji ya jana aliyomwagisha huyo opereta wa mtandaoni, DAWASA wanatoa Jumamosi, kwa hiyo aje na dumu lake limejaa.